Maji ya Kutuliza Vumbi

Generosa hakulelewa shambani. Alizaliwa Isaka, baba yake akiwa mpakiaji mizigo kwenye bandari kavu, na chakula cha nyumbani kwao kilitoka sokoni ndani ya mfuko wa plastiki. Alipofikisha miaka ishirini na miwili alimfuata rafiki yake kijijini Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, akaanza kupika wali na maharage kwa ajili ya wachimbaji. Hapo ndipo alipokutana na Mwita, kijana mrefu aliyetoka upande wa Tarime. Kila siku Mwita alilalamika kwamba chumvi imezidi, na kila siku alirudi kula. Mwezi wa tatu Generosa akamuuliza kama kweli chumvi huwa inazidi.

"Haizidi," Mwita alisema. "Nilikosa neno lingine la kuanzia."

Walioana, wakapata binti mmoja, Ritha, na alipofika umri wa shule wakapanga vyumba viwili Kambarage, mjini Shinyanga. Mwita alibaki machimboni. Kwanza alishuka kwenye maduara, yale mashimo marefu ya kufuata mwamba, kisha akahamia kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Huko vumbi lilikuwa jeupe kama unga wa muhogo. Kila baada ya wiki mbili alirudi nyumbani na kope nyeupe, na Ritha, mtoto mdogo asiyejua lolote, alicheka na kumwita babu.

Kikohozi kilianza mwaka ambao Ritha alimaliza kidato cha nne. Mwita alipewa dawa za TB akazimeza miezi sita bila kuruka hata siku moja. Dawa zikaisha, kikohozi kikabaki. Akapigwa picha ya kifua, na daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, akaielekeza picha ile dirishani na kuitazama muda mrefu kabla ya kusema.

"Baba, hili ni vumbi la mawe. Limeingia kwenye mapafu na halitoki tena. Ninachokuomba ni usiliongeze."

Walitoka hospitalini. Walipofika barabarani, Mwita aliyekuwa na miaka arobaini na saba alisimama kupumzika kama mzee wa themanini.

"Basi tutafute mahali pasipo na vumbi," alisema.

"Shinyanga hii?" Generosa aliuliza, na wote wawili wakacheka, ingawa kicheko cha Mwita kiliishia kwenye kikohozi.

Wazo la kuanzisha mji wao wenyewe shambani lilikuwa la Mwita. Kwa miaka mingi, akiwa amelala kambini, alikuwa akitazama kwenye simu video za watu walioacha kazi za mjini wakaenda kuishi shambani: wanafuga kuku, wanalima mboga, wana mizinga ya nyuki na bwawa la samaki, na hawaendi dukani ila kwa chumvi na sukari. "Mama Ritha, hebu tazama," alikuwa akisema. "Hawa hata nyanya hawanunui." Generosa alikuwa akitazama kwa heshima tu, huku mawazo yake yakiwa kwenye jiko. Sasa akayachukua maneno yale kwa uzito. Walikusanya kila walichokuwa nacho, wakapata ekari tatu katika kijiji cha Mwabuhele, mbali na machimbo, mbali pia na lami. Ritha alikuwa amekwisha kupata kazi Mwanza, kwenye duka la dawa. Mwezi wa tano walipakia vitanda, sufuria na cherehani kwenye guta la magurudumu matatu, wakahama.

Zile video hazikuwa zimesema lolote kuhusu mchwa. Hazikusema kwamba miche hamsini ya mipapai inaweza kusimama vizuri jioni, na asubuhi ukaikuta imelala yote, mizizi imekatwa kama kwa mkasi. Hazikusema kuhusu udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na masika hushika mguu usiutoe. Waliajiri watu wawili wachimbe kisima. Mwita alisimama ukingoni akiwaelekeza namna ya kuegemeza ngazi na kupandisha udongo, yeye aliyeshinda chini ya ardhi miaka mingi na sasa hawezi kushuka hata mita tatu. Siku ya tisa maji yalitoka. Generosa akayachota kwa kiganja, akaonja, akatema. Yalikuwa na magadi kiasi kwamba hata mbuzi waliyanusa wakaondoka.

Halafu wakaja kuku. Walianza nao arobaini, na Mwita aliwajua karibu wote kwa rangi na tabia. Mwezi wa nane mmoja alionekana amesinzia, shingo imepinda. Ndani ya siku sita walikufa thelathini na nne. Generosa aliwachimbia shimo nyuma ya nyumba peke yake, kwa sababu Mwita hakuweza kuinua jembe, na pia kwa sababu Mwita alikuwa amekaa ndani ameuelekea ukuta.

Aliyewanusuru mwaka ule ni jirani yao Sesilia, mwanamke wa Kisukuma mwenye mwili mwembamba na maneno machache, aliyekaa na mumewe Mabula upande wa pili wa njia. Alikuja siku ya nne baada ya kuku kufa, akasimama nje ya uzio.

"Mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "hukuwachanja?"

"Kuwachanja nini?"

Sesilia hakucheka. Alimfundisha kwamba ugonjwa wa mdondo huja kila kiangazi, na kwamba chanjo yake ni tone moja tu jichoni, kila miezi mitatu, bila kusahau. Alimwonyesha kichuguu walichokuwa wakikipita kila siku, wakakichimba pamoja mpaka wakamfikia malkia wa mchwa, mnene kama kidole gumba. Alimwambia aache kupanda mboga juu ya matuta kama watu wa kwenye mvua nyingi, bali azamishe vitalu chini ya usawa wa ardhi, aweke samadi na kufunika kwa nyasi, maji kidogo yakae siku nyingi. Kisima cha magadi hakikuwa na dawa. Kwa hiyo Generosa aliuza cherehani yake, wakafunga mabati ya kukinga maji ya mvua kuzunguka paa lote, wakanunua tanki kubwa jeusi. Mvua za kwanza zilipokuja walipanda mipapai upya, tanki likajaa, na Mwita alilizunguka akiligonga kwa vidole kama anayesikiliza tikiti maji kama limeiva.

Maji hayo ndiyo yaliyowagombanisha.

Ilikuwa kiangazi cha pili, mwezi wa tisa. Ng'ombe wa kijiji walikuwa wakipita mbele ya nyumba asubuhi na jioni kwenda kunywa maji lamboni, na kila walipopita, vumbi liliinuka likakaa hewani kama moshi. Upepo wa mchana ulileta jingine kutoka mashambani. Mwita alikohoa mpaka akashika magoti. Walikuwa wameyakimbia machimbo, wakaja kukaa katikati ya vumbi la mbuga. Generosa akaanza kufanya jambo bila kumwambia. Kila alfajiri, kabla Mwita hajaamka, na kila mchana alipokuwa amelala, alifungua bomba la tanki, akajaza ndoo mbili, akaumwagia uwanja wote maji kuanzia mlangoni hadi kwenye njia. Vumbi lilitulia kwa saa mbili tatu. Akaendelea hivyo kwa majuma matatu.

Siku moja Mwita aliligonga tanki. Sauti ilijibu kutoka chini kabisa.

"Mama Ritha!" Aliita kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu augue. "Maji yameenda wapi?"

Generosa alikuwa anachambua mchicha. Alisimama akafuta mikono kwenye kanga. "Nimemwagia uwanja."

"Uwanja? Maji ya miche unamwaga chini?"

"Wewe unakohoa, Baba Ritha."

"Na miche inakauka!"

"Miche haikohoi," Generosa alisema, na mara akaanza kulia, jambo ambalo hakulikusudia. "Ikifa tutapanda mingine. Wewe nitakupanda wapi?"

Mwita aliketi kwenye ukingo wa msingi wa tanki. Ilimchukua muda kupata pumzi ya kusemea, na Generosa alikaa chini karibu na miguu yake akingoja.

"Unanisikiliza?" alisema mwishowe. "Miaka kumi na tisa nimechimba na kusaga mawe ya watu. Sina hata jiwe moja la kuonyesha. Hii mipapai ni ya kwanza kuwa yangu. Usiniulie, tafadhali. Mimi najua nilipofika."

"Usiseme hivyo."

"Nasema kwa sababu wewe hutaki kusema."

Kesho yake Generosa alienda kwa Sesilia, akamweleza yote, na Sesilia akampeleka pembeni mwa lambo kung'oa ukoka. Walirudi na magunia mawili. Generosa aliupanda mbele ya mlango, kipande baada ya kipande, na kuanzia hapo maji ya kuoshea vyombo, ya kunawia na ya kufulia yalikwenda kwenye ukoka, na ya tanki yakabaki kwa miche. Kando ya njia ya ng'ombe alipanda ua wa minyaa, mstari mzito. Mpaka mvua zinaanza, uwanja ulikuwa na nyasi za kulalia, na Mwita alipata miezi kadhaa ya kupumua. Hakuwa amepona. Aliweza tu kumaliza sentensi nzima bila kusimama katikati.

Hiyo ndiyo ilikuwa miezi yao mizuri. Kuku waliongezeka wakafika sabini. Mwita alikaa kwenye stuli, Generosa akamletea mmoja mmoja, na yeye akadondosha chanjo jichoni kwa mkono usiotetemeka. Mipapai ilizaa, na mzinga wa nyuki waliotundika ukatoa asali. Krismasi Ritha alikuja kutoka Mwanza, na mama yake alipoandaa meza alimwambia ahesabu ni vitu gani vimetoka dukani. Kulikuwa na kuku, viazi vitamu, mchicha, mlenda, nyanya, mayai, asali, papai. Ritha akataja chumvi, sukari na mafuta ya kupikia.

"Mwakani mafuta tutajikamulia alizeti," Mwita alisema akitabasamu. Hakula zaidi ya vijiko vitano.

Asubuhi ya siku ambayo Ritha alirudi Mwanza, baada ya kumsindikiza hadi kwenye bodaboda, Mwita alimwomba mkewe amshike mkono wafike mwisho wa shamba. Walikwenda taratibu sana, wakapumzika mara nne. Walipofika kwenye nafasi iliyo kati ya mipapai na uzio, alisimama.

"Hapa," alisema. "Mniweke hapa."

Generosa alitazama kando. Ghafla alitamani kwenda kuwalisha kuku, kuosha vyombo, kufanya chochote.

"Umenisikia, Mama Ritha?"

"Nimekusikia."

Hakumwambia mtu. Aliona kwamba akilisema neno lile kwa mdomo wake atakuwa amekubali.

Mwaka ule mvua zilikuwa kubwa. Watu wa Mwabuhele walizishukuru, na Generosa naye alizishukuru, kwa sababu hapakuwa na chembe ya vumbi popote na tanki lilikuwa linafurika. Mwezi wa tatu, siku ya Jumatano, saa mbili asubuhi, Mwita alishindwa kuvuta pumzi. Midomo ilibadilika rangi. Generosa alipiga simu kwa mtu wa guta. Huyo akasema guta limezama tangu juzi. Akampigia kijana wa bodaboda. Naye akajibu kwamba njia haionekani, ni tope tupu hadi kwenye lami. Alikimbia kwa jirani bila viatu. Mabula, mzee wa miaka sitini, hakuuliza mara mbili. Alifunga ng'ombe wanne kwenye mkokoteni, wakamlaza Mwita juu ya godoro, Generosa akaketi nyuma yake amemwegemeza kifuani, Sesilia akashika mwavuli.

Kilomita kumi na moja hadi kwenye lami. Magurudumu yalizama, Mabula akashuka, akausukuma mkokoteni kwa bega, Sesilia naye akashuka kusukuma. Mvua ya manyunyu ilikuwa inanyesha. Kila upande mashamba yalikuwa ya kijani mpaka macho yanapoishia. Generosa alikuwa akimhesabia mumewe pumzi sikioni, vuta, toa, vuta, toa, kama anayemfundisha mtoto.

"Maji yote haya," Mwita alisema.

Generosa akainama. "Umesemaje?"

Hakurudia. Walikuwa wamebakiza kama kilomita tatu Generosa alipojikuta anahesabu pumzi zake mwenyewe tu. Hakumwambia Mabula asimamishe. Aliacha mkokoteni uende, amemshika vilevile, mpaka Sesilia alipogeuka akamwona usoni.

Magesa, kaka mkubwa wa Mwita, alifika siku ya pili pamoja na wanaume watatu wa ukoo. Walikuwa watu wa adabu. Walikaa, wakatoa pole, wakanywa chai. Kisha Magesa akasogeza kiti.

"Shemeji, tumekuja kumchukua ndugu yetu. Kwetu mtoto wa kiume harudi kwingine, hurudi kwa baba yake."

Ritha, aliyekuwa amefika kwa shida na miguu yote ina tope, alimtazama mama yake. "Baba mwenyewe alitaka wapi?"

Hapo ndipo Generosa aliposema kwa mara ya kwanza. Alisema kuhusu ile asubuhi na ile nafasi kati ya mipapai na uzio. Magesa alisikiliza hadi mwisho.

"Aliandika mahali popote?"

"Aliniambia mimi."

"Sisemi unadanganya, shemeji. Lakini yuko mama." Akapiga simu, akampa.

Sauti ya bibi kizee ilitoka mbali, ikikatika. Generosa alikuwa amekutana naye mara tatu tu maishani. Alimwamkia, na mama yule akaitikia.

"Aliondoka hapa na miaka kumi na minane," mama alisema. "Akasema anakwenda kutafuta. Wewe umekaa naye miaka ishirini na miwili, mwanangu. Umemlisha, umemuuguza, sina neno na wewe. Mimi nimekaa naye kidogo. Niachie hiki kilichobaki."

Generosa alishika simu kwa mikono miwili. Alikuwa amejiandaa kubishana na wanaume.

"Sawa, mama," alisema. "Tunamleta."

Ritha alitoka nje akabamiza mlango. Baadaye, wakiwa njiani kwenda Tarime ndani ya gari lililobeba jeneza, alimuuliza mama yake kwa nini hakupigania. Generosa alimwambia kwamba alichoka. Haikuwa kweli yote, ila ndiyo sehemu aliyoweza kuisema. Walimzika Mwita Jumapili, kwenye udongo mwekundu wa milimani, mbele ya watu ambao wengi wao Generosa hakuwajua. Yule mama alimshika mkono tangu ibada inaanza hadi mchanga wa mwisho, hakumwachia.

Aliporudi Mwabuhele baada ya majuma matatu alikuta kila kitu kizima. Sesilia alikuwa amewalisha kuku, ameokota mayai akayapanga kwenye trei, amepalilia vitalu. Mapapai yalikuwa yameiva hadi mengine yamedondoka. Generosa alisimama mlangoni akatazama mali ile yote, na kitu kilichomjia kifuani kilikuwa hasira. Angefurahi zaidi kuikuta imekufa.

Kila Jumamosi Ritha alipiga simu. "Mama, njoo Mwanza. Huko unakaa na nani?" Generosa alijibu kwamba atafikiria. Mwezi wa sita alivuna mahindi. Mwezi wa nane aliwachanja kuku peke yake, akiwabana kwapani mmoja mmoja, na nusu ya dawa ikamwagika kwenye gauni. Mtu mmoja alikuja kuulizia shamba. Alimtembeza lote, akamwonyesha kisima cha magadi bila kumficha, akamwonyesha tanki, lakini walipofika karibu na mipapai alimwambia kwamba shamba haliuzwi. Yule mtu alikasirika kwa kupotezewa muda. Generosa mwenyewe hakujua kwamba angesema hivyo.

Pale kati ya mipapai na uzio hapakuwa na kitu, ni majani tu. Hata hivyo kulikuwa na siku alikwenda akasimama hapo na kuomba msamaha kwa sauti, kwa kuwa alisikia na akaitikia, halafu hakutekeleza. Baadaye alijiona mjinga, kwa sababu aliyekuwa akimwomba msamaha hakuwa pale.

Mwezi wa kumi na moja mvua ya kwanza ilinyesha usiku kucha. Asubuhi Generosa alichukua jembe na kopo la mbegu za alizeti, akaenda shambani kupanda. Alichimba mstari mmoja. Kwenye mstari wa pili aliacha jembe, akakaa chini kwenye tope na kulia kwa sauti kubwa, kama ambavyo hakuwa amelia msibani, kwa kuwa huko alikuwa mgeni na hapa hapakuwa na wa kumsikia.

Lakini alisikiwa. Alipoinua uso, Sesilia alikuwa ameingia kutoka upande wa pili wa shamba na jembe lake begani. Hakuja kumbembeleza. Alifunga kanga vizuri kiunoni, akainama, akaanza kuchimba mashimo kutoka kule mwisho, akija upande wake. Generosa alijifuta kamasi kwa mkono wa gauni, akatafuta kopo la mbegu kwenye tope, na kusimama.

Walilima mpaka jua likawa kali, wakakutana katikati.

"Una uji?" Sesilia aliuliza.

"Upo wa jana."

"Wabeja, mayu," Sesilia akashukuru. "Wa jana unatosha."